Tyuna ya Mtutu: Kabla Hujamwagiza Mjomba

Kijana mmoja wa Mbarara ameniandikia: "Shikamoo mzee. Kibali ninacho, bunduki yangu ni .22 ya bolti, lakini matundu yanatawanyika. Mjomba yuko Marekani, nimwambie aje na tyuna ya mtutu?"

Marahaba, mwanangu. Jambo hili limeshanigombanisha na watu, kwa hiyo vumilia.

Tyuna ni uzito unaofungwa mdomoni mwa mtutu, wenye pete ya kuzungusha iliyochorwa alama. Ukiizungusha, uzito unasogea mbele au nyuma kidogo mno. Shabaha yake ni mtikisiko. Risasi inapopita ndani, mtutu hautulii. Mdomo unapanda na kushuka. Na risasi za .22, hizi nyembamba za upana wa inchi 0.22, hazina mwendo mmoja hata zikitoka boksi moja. Za mashindano huondoka kwa takriban mita 325 kwa sekunde, chini ya mwendo wa sauti. Mbili zikipishana mita 10 kwa sekunde, kwenye mita 50 ile ya polepole inashuka milimita 7 au 8 zaidi ya mwenzake. Duara la kumi, lile la katikati ya karatasi ya shabaha, lina kipenyo cha milimita 10.4 tu, basi piga hesabu mwenyewe. Tyuna ikipangwa vizuri, risasi inayochelewa inaukuta mdomo umeinuka kidogo zaidi, na zote mbili zinakutana karatasini. Hilo si porojo. Waingereza waliliona zamani kwenye bunduki zao za Lee-Enfield za masafa marefu, na hazikuwa na tyuna.

Sasa nisikilize. Klabuni kwetu, upande wa Entebbe, yupo bwana mmoja ambaye jina lake nalihifadhi. Alirudi safari na tyuna, siku ya kwanza akapiga tano zikakaribia tundu moja. Karatasi ile akaibandika ukutani! Tangu hapo kila aliyekosa aliambiwa hana tyuna. Mimi nimekulia kambi ya polisi Nsambya, baba yangu alifundisha askari kulenga shabaha, halafu mtu ananiita "mzee wa bomba tupu" mbele ya vijana. Niliicheka siku ile. Sijaisahau.

Nikamwazima kifaa chake, akanipa kwa mbwembwe. Nikamweka binti yangu nyuma yangu: yeye ndiye wa kuzungusha pete, asiniambie kitu, aandike namba mgongoni mwa karatasi, na mara nyingine ajifanye anazungusha kumbe haigusi. Tulipiga asubuhi mapema kabla upepo wa ziwani haujaamka, bunduki juu ya mifuko ya mchanga, risasi za loti moja, yaani zilizotengenezwa pamoja kiwandani.

Tulipozigeuza karatasi, zile ambazo pete haikuguswa zilipishana zenyewe kwa zenyewe sawasawa na zile zilizobadilishwa. Kundi moja la matundu dogo, linalofuata maradufu yake, mpangilio ule ule! Risasi tano ni chache mno. Bahati peke yake inatosha kukupa kundi la kubandika ukutani. Mtu anazungusha, anapiga tano, anazungusha tena, siku moja tano zinakaa pamoja, basi anatangaza ameipata. Arudi kesho na namba ile ile tuone.

Kilichobadilisha karatasi zangu waziwazi ni loti ya risasi. Bunduki ile ile, mchanga ule ule, loti nyingine, na makundi yakakaza siku baada ya siku. Si siri yangu: watengeneza risasi Eley kule Uingereza na Lapua kule Ujerumani wana vituo ambako wapigaji hupeleka bunduki zao zijaribiwe na loti mbalimbali kabla hawajanunua. Mabingwa wanaanzia hapo.

Mashindano yetu ya juzi nilipiga mtutu mtupu. Yule bwana alikuwa nyuma yangu. Sitaki kujisifu, lakini karatasi zipo.

Vijana, mnapenda vya kufunga kuliko vya kufanya. Pumzi hamjaijua, kifyatulio mnakivuta mnavyovuta kamba ya mbuzi, bendera ya upepo hamuitazami, halafu mnataka chuma kiwakomboe. Tyuna haigusi upepo hata kidogo. Kazi yake ni juu na chini, na kwa umbali mmoja. Risasi hushuka kwa kasi inayozidi kadiri inavyokwenda, ilhali faida ya kuinuka kwa mdomo huongezeka sawia na umbali, kwa hiyo namba ya mita 50 haikufai mita 100. Mazoezi, vijana. Mazoezi na loti nzuri.

Kwako wa Mbarara: nunua boksi moja moja la loti tofauti, pigia juu ya mchanga, makundi mengi, si moja. Ikiwa hata loti iliyo bora inakuachia mstari mrefu wa kusimama, hapo tyuna ina hoja. Mstari ukilala upande, ni upepo au ni kidole chako. Ukiamua kuagiza, kwanza waulize polisi waliokupa kibali, maana kitu cha duara cha kufunga mdomoni mwa mtutu kinafanana na kizuia sauti, na mwenzetu mmoja cha kwake kilizuiliwa hadi akakata tamaa. Kikifika, hakikisha tundu lake limenyooka na mtutu ili risasi isiguse ukingo, kaza skrubu zote, na usishangae shabaha ikihama: uzito mpya mdomoni huhamisha mahali risasi zinapotua, kwa hiyo darubini utairekebisha upya kabla ya kuhesabu lolote.