Kipoza cha bei nafuu kwa Ryzen 5 5600

Ndugu, kwa kuwa umeuliza ununue kipoza gani, na shida yako ni kelele za ile Wraith Stealth, kipoza kilichokuja na prosesa, usiingie gharama ya kipoza cha maji. Ryzen 5 5600 ni prosesa ya AMD ya wati 65 tu, haitoi joto jingi. Chukua Thermalright Assassin X 120 SE: mabomba manne ya joto na feni moja ya milimita 120 inayozunguka taratibu. Inatosha kabisa, hata ukicheza gemu mchana wa joto.

Kabla ya kulipa, pima upana wa ndani wa kasha lako. Kipoza hicho husimama kutoka kwenye ubao mama kuelekea ubavu wa kasha, kwa kimo cha milimita 148, na makasha mengi membamba hayakipokei.

Halafu tafadhali sana, wakati wa kutoa cha zamani usikivute juu kwa nguvu! Kwenye soketi ya AM4 (kikalio cha prosesa hii kwenye ubao mama), pesti ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na kipoza ikikauka, prosesa hung'oka nacho na pini zake hupinda. Washa mashine dakika kumi ipate joto, izime, chomoa waya wa umeme, legeza skrubu, kisha kizungushe polepole kulia na kushoto mpaka kiachie. Futa pesti ya zamani kwa spiriti, paka mpya kiasi cha punje ya njegere.