Muulize Shangazi: Dansa la baba na binti skuli, tufanye au tuache?

SWALI: Assalaam alaykum Shangazi, shikamoo. Mie mwalimu wa skuli moja ya binafsi hapa Unguja mjini, nafundisha darasa la tano. Kwenye kamati yetu ya wazazi kuna mama aliishi Marekani miaka mingi, karudi na fikra tufanye usiku wa dansa wa mababa na mabinti zao, anasema kule skuli nyingi wanafanya kila mwaka, baba suti binti gauni, wanacheza pamoja wanapigwa picha. Kamati imefurahi na mada ishachaguliwa, Kasri la Mfalme, watoto wote waje na mataji. Sasa mababa wawili washantumia voisi, "mwalimu mnataka kutufanyia disko skuli?", na darasani kwangu nina wasichana saba baba hayupo karibu, wengine washakufa, wengine wapo Muscat, mmoja hata hatujui yuko wapi. Na kazi ya kupanga nimepewa mie. Nianzie wapi?
Mwalimu, Unguja

JIBU: Wa alaykumu salaam mwanangu, marahaba. Kwanza niache nicheke, mana mababa wa namna hiyo ukiwakuta harusini wamekaa nyuma kabisa karibu na mlango, uso umekunjwa kama wapo msibani na mguu chini ya kanzu unagonga kila ngoma inapolia. Kinachowatia homa ni hilo neno tu. Ukimtajia Mzanzibari disko anaona kiza na taa zinazozunguka na watoto wa watu wasiojulikana wametokea wapi. Kwaiyo barua iandike upya, iite Laasiri ya Baba na Binti, watu wakishasali laasiri waje, saa kumi na nusu muanze, saa kumi na mbili kasorobo mnakusanya viti, maghrib inamkuta kila mtu kwao au msikitini. Utaona hao wa voisi watakavyouliza wavae nini. Na kabla ya barua kutoka mpigie hodi sheha umwambie kuna shughuli na muziki utakuwepo, na mambo ya kibali waulizeni BASSFU, wale wa baraza la sanaa, mapema, msingoje wiki ya mwisho mkaanza kukimbizana na mihuri.

Hiyo Kasri la Mfalme mie sijaipenda, nakwambia kweli. Yale magauni ya kukodi yenye matabaka kama keki, juu kitambaa kinawasha, ukumbi feni mbili na moja haizunguki, mtoto atakaa saa nzima anajikuna. Alafu mfalme gani? Kama lazima binti mfalme basi wa kwetu yupo, Sayyida Salme, kazaliwa kasri la Mtoni 1844, babake Sayyid Said mwenyewe, na wakati huo mtoto wa kike kufundishwa kuandika haikuwa kawaida, yeye akajifundisha kwa siri anaiga herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mfupa wa ngamia! Hiyo watoto wa darasa la tano wakiisikia hawaisahau, na kila mmoja unaweza kumkatia kadi nyeupe yenye umbo la bega la ngamia akaandika humo barua ya kumwalika baba. Hapo mada mnayo na taji la plastiki hamkununua.

Mie lakini ningechagua Forodhani ya zamani. Mikeka, vikapu vya ukindu, karabai mbili tatu hata kama haziwaki, meza za vyakula pembeni, mtu akiingia ajue yupo pwani. Chakula kiwe cha kushika mkononi, sambusa, katlesi, mkate wa kumimina, visheti, na sharubati ya ukwaju kwenye vikombe vyenye mifuniko. Urojo usithubutu. Najua utaambiwa na kila mtu Forodhani bila urojo itakuwaje, lakini fikiria mababa mia moja na kanzu nyeupe, bakuli mkononi na mtoto anavutwa huku na huku, nani atafua?

Sasa hiyo dansa yenyewe. Mababa wetu wengi hawajui kumshika mtu kiuno wakazunguka kama vile picha za Marekani, na wala mabinti hawataki, ukimlazimisha mtoto wa miaka kumi na moja mbele ya wenzake atakuchukia mpaka fomu foo. Ila sie vya kwetu vipo. Kuingia muingie kwa beni, ile ngoma babu zetu waliitoa kwa kuziigiza bendi za kijeshi za wakoloni, matarumbeta na ngoma kubwa, baba na binti wanatoka getini mpaka ukumbini kwa mwendo tu, hakuna asiyejua kutembea. Kidumbaki kiacheni huko huko harusini, viuno vile mbele ya mwalimu mkuu sitaki kuvifikiria. Ndani mtafute watu wanne watano wa taarab asilia, udi, fidla, ganuni na dumbaki, waulizieni wanafunzi wa DCMA, kile chuo cha muziki, au vijana wa vikundi vya mtaani, musitafute kundi zima la watu thalathini. Nadi Ikhwan Safaa wapo tokea 1905 na nyimbo zao za zamani zinajulikana mpaka na watoto, basi vijana wapige hizo hizo, na taratibu iwe ya taarab yenyewe, watu wanakwenda mbele kumtunza mwimbaji kwa noti.

Hapa nikae kidogo. Baba yangu alikuwa fundi wa mashua, mikono yake haikutoka harufu ya sifa, yale mafuta ya papa, hata akoge mara tatu, na kucheza hajacheza hata siku moja, si harusini si wapi. Lakini siku ya harusi ya ami yangu, mie nina miaka minane, taarab imepamba moto, akaja nilipokaa akanitia noti kiganjani akakifunga kiganja changu na mkono wake, tukaondoka. Tukatembea mpaka mbele pole pole, hatua zake kubwa kazipunguza zifuate ule wimbo na mie nafuata yeye, noti ishaloa jasho. Nikampa mwimbaji. Mzee wa fidla, leso imekunjwa chini ya kidevu, akanikonyeza. Tukarudi vile vile, na baba alipofika kiti chake akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mpaka leo mtu akiniuliza nshawahi kucheza na baba yangu nasema ndio.

Kwaiyo wape kila jozi noti za karatasi mlizochapa wenyewe skuli, waende kutunza pamoja wimbo baada ya wimbo, na noti zikihesabiwa mwisho kamati inageuza kuwa pesa ya vitabu vya maktaba. Pesa halisi msitumie, mana kuna atakayetoa elfu hamsini na kuna aliyekuja kwa daladala akahesabu nauli ya kurudi.

Wale saba ndio wa kuanza nao kabla ya mikeka na karabai. Huko huko Marekani mambo haya yashawahi kuwa mtihani, mwaka 2012 mji wa Cranston, jimbo la Rhode Island, ulizisimamisha hizo dansa za baba na binti kwenye skuli zake baada ya mama mmoja anayelea peke yake kulalamika kwamba binti yake hakuwa na wa kwenda naye. Nyie mna bahati, lugha yetu ina mababa wengi. Ami ni baba, ndio mana tunasema baba mdogo baba mkubwa, mjomba yupo, babu yupo, kaka aliyemaliza chuo yupo. Barua isiandike "mzazi wa kiume", iandike "baba au mtu wako", na mtoto achague mwenyewe usimchagulie wewe. Kaa na kila mmoja mkiwa wawili tu, sio mbele ya darasa, umuulize utakuja na nani. Akisema mama, aje na mama, na mlangoni asikae mtu wa kuuliza maswali. Wa Muscat baba zao waambie mapema, mwenye kuweza atarekodi salamu za dakika moja, mtoto azisikilize kwenye simu faragha, msimrushie kwenye spika watu wote wakaanza kulia.

SWALI: Shangazi mie nipo Wete, skuli ya binti yangu nao wanafanya jambo kama hilo na binti kashaniandikia kadi. Nampenda mwanangu lakini wallahi mie naona haya, sijui hata nisimame vipi. Nimwambie mama yake aende?
Baba Pemba

JIBU: Usithubutu kumtuma mama yake, kadi ina jina lako. Haya yako inatokana na mikono, mwanamme akiwa hana cha kushika anajiona yuko uchi. Mtafute mwalimu umwambie waweke mabao pembeni, matano sita, mashimo thalathini na mbili na kete sitini na nne kila moja, na weye ujitolee kuyabeba kutoka baraza yenu. Ukikaa na mwanao kwenye bao kete ziko mkononi mazungumzo yanakuja yenyewe. Na huko Pemba mna kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, bakora ni yako na hatua unazijua toka utoto, muoneshe binti hatua mbili nyumbani uani kabla ya siku yenyewe, akikucheka na weye ucheke.

SWALI: Shangazi, nina wasichana watatu skuli moja na mume mmoja. Nguo za wote wanne nitazitoa wapi mwezi huu?
Mama wa Tatu, Unguja

JIBU: Nguo ya nini tena bibi wee. Nunua doti moja ya kanga ambayo watoto wenyewe watachagua jina lake, waache wabishane dukani hata nusu saa, hiyo nayo ni shughuli. Vipande viwili hivyo ukivikata vizuri unapata mitandio mitatu, na vitatoka vitambaa vidogo, kimoja umshonee baba yao kwenye mfuko wa kanzu ya Iddi ilopita. Nguo za ndani ya mtandio wavae walizonazo. Zamu za kutunza wapangiwe nyumbani, mkubwa asiwe wa kwanza kila siku. Na kofia, mwambie mume asiazime ya jirani, kichwa cha mtu kina saizi yake na nshamuona mzee mmoja kofia inamshukia puani katikati ya wimbo.