Jibu: Fidla na ganuni zinakatika nikishika nota ndefu

Ndugu yangu wa Wete, unasema fidla na ganuni unazopiga kwa kompyuta zinakatika ukishika nota ndefu. Kama bafa (akiba ndogo ya sauti inayoipa kompyuta muda wa kuiandaa) umeshaifikisha 1024 na sauti bado inakatika, usihangaike tena na prosesa. Hapo mgonjwa ni hiyo diski ya nje uliyowekea sampuli, yaani rekodi za nota za ala halisi. Programu hupakia kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, mwanzo tu wa kila sampuli. Sehemu iliyobaki husomwa kutoka kwenye diski huku wewe unapiga. Ndiyo maana nota inaanza safi, kisha mkia unapotea. Diski ya kuzunguka vichwa vyake hurukaruka kutafuta kila faili, na ukikanyaga pedali sauti zinarundikana, haziwahi.

Kwenye mipangilio ya ala, ongeza kiasi kinachopakiwa mapema, maradufu kwa kuanzia, ila chunga RAM isijae. Angalia na tundu ulilochomeka: USB 2 mwisho wake megabiti 480 kwa sekunde, tena hiyo ni ya kwenye karatasi.

Dawa hasa ni SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Si lazima uhamishe maktaba yote, fidla na ganuni zinatosha, ngoma ziache zilipo, sampuli zake fupi. Wanaokwambia ununue kompyuta mpya wanakutia hasara bure.

Usiku huu ukiwa na haraka, traki ya fidla igeuze iwe faili la sauti, uendelee na kinanda.