Tamthilia isomwe kwa mdomo

Mlituma maswali kwa msomaji mwenzetu wa Tanga, yule anayeazimisha vitabu mtaa mzima, naye kajibu.

Kuna haja gani ya Shakespeare wa Kiswahili wakati wa Kiingereza yupo?

Ipo sana ndugu yangu. Chukua Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere, tafsiri iliyotoka kwanza 1963, nenda moja kwa moja pale Antoni kasimama na maiti ya Kaizari, usisome kimoyomoyo, toa sauti, kila akirudia kwamba Brutus, mmoja wa waliomuua, ni mtu wa heshima unasikia heshima yenyewe inamwagika mpaka raia wanageuka. Mi nilisoma sehemu hiyo jikoni mama anapepeta mchele, ungo ukasimama, akaniuliza, "We, huyo anamsifu au anamsengenya?" Mama hajui Shakespeare ni nani, hapo ndo nikajua tafsiri imefika.

Mabepari wa Venisi, tafsiri yake nyingine ya Shakespeare, ya 1969, naipenda ila jina lake hapana. Antonio wa humo ni mfanyabiashara, ana meli zake na kakopa kwa ajili ya rafiki, sasa ukimwita bepari miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, lile la ujamaa, ushamhukumu kabla hajafungua mdomo. Ila ile kesi ya mkopeshaji kudai ratili ya nyama ya mwili wake siichoki.

Mwanangu anasoma katuni tu, nimkataze?

Usimkataze dada. Mi kusoma nimejifunzia jarida la katuni la SANI, kwa akina Lodi Lofa na Ndumilakuwili, kinyozi wetu alikuwa na nakala moja haina jalada tukawa tunaigombea wakati wa kusubiri zamu. Katuni inakufundisha kusoma kilichorukwa: boksi hili mtu kanyanyua fimbo, boksi linalofuata mwenzie ana nundu, pigo lenyewe umelichora wewe kichwani. Mtoto aliyezoea hivyo tamthilia haitamsumbua, maana nayo haikwambii kila kitu.

Kinjeketile ilinichosha shuleni, nirudie?

Rudia, nakuomba. Na sisi tulikaririshwa wahusika na dhamira, hata siku moja hatukusimama kuigiza. Ebrahim Hussein anachukua vita vya Majimaji vya 1905 halafu anakaa na mtu mmoja tu, Kinjeketile katoa maji ya kukinga risasi, watu waliokuwa hawaelewani wameungana, na yeye ndo anaanza kuona neno lake limeshamtoka, limekua kuliko yeye na halirudi. Mwishoni Wajerumani wanamtaka aseme maji ni uongo, anakataa, anawafikiria watoto wa baadae wataambiwa nini kuhusu waliopigana. Kila nikifika hapo nafunga kitabu nakaa kwanza.

Rosa Mistika ni kweli haifai kwa mabinti?

Inafaa. Ni riwaya ya Kezilahabi, 1971, watu wanakumbuka aibu za Rosa wanasahau zilikoanzia: Zakaria, baba yake, kampiga vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana, akakua anawaogopa wanaume bila kuwajua. Kama una wasiwasi mpe baba aisome kwanza.