Habere: kitenzi cha Kilatini kilichogeuka kiishio cha wakati ujao

Swali: Ninafundisha Kifaransa sekondari, na jioni nina kikundi kidogo cha Kihispania. Wanafunzi wameona kwamba viishio vya wakati ujao wa Kifaransa (-ai, -as, -a, -ons, -ez, -ont) vinafanana mno na kitenzi avoir. Kihispania nacho kina -é, -ás, -á. Je, ni bahati tu au asili ni moja? Na kama viishio hivyo hubandikwa kwenye kitenzi-jina, mbona tunasema je viendrai na vendré ("nitakuja")? Hiyo d imetoka wapi? (Mwalimu wa Kifaransa, Moshi)

Jibu: Si bahati hata kidogo, mwalimu, na wanafunzi wako wana jicho zuri. Viishio hivyo ni kitenzi cha Kilatini habere, "kuwa na", kilichosagika hadi kikawa silabi moja na kugandamana na kitenzi kilichokitangulia. Je chanterai, ukiifumua, ni chanter + ai: "nina kuimba".

Kilatini cha vitabuni kilikuwa na wakati ujao wake, lakini ulikuwa dhaifu tangu mwanzo. Vitenzi vya makundi mawili viliuunda kwa -b- (cantabo, "nitaimba"), vya makundi mengine viliuunda kwa kubadili irabu tu. Kisha matamshi yakabadilika. B iliyokaa kati ya irabu ililegea ikakaribia v, hivyo amabit, "atapenda", na amavit, "alipenda", zikawa hazitofautishiki masikioni. Kwenye makundi mengine, reget, "atatawala", na regit, "anatawala", zilitenganishwa na e na i fupi zisizo na mkazo, nazo irabu hizo zikaja kufanana. Wakati ujao unaosikika kama wakati uliopo au uliopita haumsaidii msemaji. Watu wakatafuta njia nyingine.

Njia waliyoishika ilikuwa tayari midomoni mwao: cantare habeo, "nina kuimba", yaani nina jambo la kuimba, imenipasa kuimba. Mmoja wa waandishi wa mwanzo walioutumia sana muundo huu ni Tertullian wa Karthago, Tunisia ya leo, mnamo mwaka 200. Mara nyingi aliutumia katika hali ya kutendwa, akieleza mambo ambayo unabii ulisema hayana budi kutimia. Hapo ndipo maana inapogeuka: jambo lisilo na budi kutokea ni jambo litakalotokea.

Wakati huohuo habeo yenyewe ilikuwa inapungua. Sauti ya h ilikwisha kuyumba mapema. Catullus, katika karne ya 1 kabla ya Kristo, aliandika shairi la kumkejeli mtu aliyekuwa akitia h mahali isipostahili, dalili kwamba wengi hawakuwa na hakika nayo tena. B ikalegea na kupotea, eo ikawa yo: habeo, abyo, ayo. Kutoka hapo Kifaransa kikapata ai, Kihispania he, Kireno hei, Kiitaliano ho. Herufi h ya Kihispania na Kireno ni ya maandishi tu; hakuna anayeitamka.

Hapa mwanafunzi makini atakubana: mbona ni nous chanterons na si chanteravons? Kitenzi kisaidizi kilichokaa nyuma ya kingine kilikatwa hadi kikabaki na silabi yake yenye mkazo peke yake. Av- ya avons na avez ikadondoka, zikabaki -ons na -ez. Kihispania kilifanya vivyo hivyo: cantaremos ina hemos ndani yake, cantaréis ina (hab)éis.

Ushahidi wa muungano huo tunao kwa maandishi. Tarihi ya Fredegar, ya karne ya 7, inasimulia mfalme wa Waajemi aliyetakiwa na Kaisari Justinian arudishe majimbo. Mfalme akajibu "non dabo", sitatoa; Justinian akamrudishia "daras", utatoa, na mwandishi anadai mji wa Daras ulipata jina lake hapo. Asili hiyo ya jina la mji ni hadithi tu, ila mwandishi ametuwekea umbo la zamani dabo na umbo jipya daras (dare habes) katika mazungumzo mamoja, na kwa mtafiti hiyo ni lulu. Mwaka 842, katika Viapo vya Strasbourg, mfalme Ludwig Mjerumani aliapa kwa lugha ya askari wa nduguye Karl, yaani Kifaransa cha awali, na ndani ya kiapo zimo salvarai ("nitaokoa") na prindrai ("nitachukua"). Kufikia hapo kazi ilikuwa imekwisha.

Sasa d yako. Mambo mawili yalifuatana. Kwanza mkazo: katika venire habeo mkazo ulihamia kwenye habeo, kwa hiyo irabu ya mwisho wa venir- ikabaki bila nguvu. Irabu a isiyo na mkazo ilistahimili, ikafifia tu ikawa e. Ndiyo e ya chanterai, na ndiyo sababu vitenzi vya -er havisumbui. Lakini e na i mara nyingi zilidondoka kabisa: venirai ikawa ven'rai.

Pili, n na r zikagusana. Kuitamka n, ulimi unaziba kwenye ufizi huku pumzi ikipita puani. Kuelekea r, pua lazima ifungwe na ulimi uachie. Pua ikifungwa mapema kidogo, kabla ulimi haujaachia, kinachosikika hapo katikati ni d. Waambie wanafunzi watamke nr haraka mara kadhaa, wataisikia wenyewe. Hivyo Kifaransa cha kale kikapata vendrai, na ie ya viendrai ikaja baadaye kwa kuigwa kutoka viens. Kihispania: vendré, tendré, pondré. Baada ya l hutokea jambo hilohilo: voldrai, kisha voudrai. Kiitaliano kilikutana na nr ileile kikaitatua kwa kuzifananisha sauti mbili: verrò, terrò, na kwa lr, vorrò. Kireno hakikuwa na tatizo, kwa kuwa n iliyokaa kati ya irabu ilikwisha kutoweka: vir, virei.

Ukielewa hilo, sehemu kubwa ya orodha ya "vitenzi visivyo kanuni" inajieleza. Devoir, devrai: irabu imedondoka. Savoir na avoir: savrai na avrai, kisha v ikageuka u, saurai na aurai. Voir: vedrai, kisha dr ikawa rr, verrai, Kiitaliano kimebaki na vedrò. Serai inatokana na essere + ai, na irai inatokana na ire, kitenzi kingine cha "kwenda" ambacho Kifaransa kimekihifadhi hapo na katika hali ya masharti. Finirai na dormirai zimebaki na i kwa sababu wasemaji walishikilia umbo la kitenzi-jina.

Kama kuna anayetilia shaka kwamba viishio hivi vilikuwa neno kamili, mwonyeshe Kireno cha maandishi rasmi: dar-lhe-ei, "nitampa". Kiwakilishi lhe kimeingia katikati ya kitenzi na kiishio chake. Kihispania cha zamani kilikuwa na dar te he namna hiyohiyo, kabla mlango haujafungwa.

Si lugha zote zilizozaliwa na Kilatini zilizoifuata njia hii. Kisardinia hakikuunganisha: apo a cantare, kisaidizi kikiwa mbele na kikisimama peke yake. Kiromania kinasema voi cânta, kutokana na kitenzi cha "kutaka". Na hapo Kiswahili kinakutana nacho: -ta- yetu ni -taka iliyofupika, na neno zima bado limo ndani ya "atakayekuja" na "nitakapofika". Huu ni mfano ninaoupendekeza uanze nao darasani, maana wanafunzi wanautumia kila siku bila kuuona.

Kwa wale wa Kihispania watakaouliza kwa nini "nina" ni tengo na si he: tenere, "kushika", kilichukua kazi ya umiliki, habere kikabaki kuwa kisaidizi (he cantado) na kueleza kuwapo kwa kitu (hay, ambayo ni ha pamoja na y, "hapo", sawa na il y a ya Kifaransa). Kireno kimekwenda mbali zaidi, hata kisaidizi cha kawaida ni ter: tenho cantado.

Darasani, hakikisha avoir ya wakati uliopo imekaa vichwani kabla hujagusa wakati ujao. Andika kitenzi-jina ubaoni, bandika ai, as, a, ont, kisha ons na ez baada ya kufuta av-. Vitenzi vya -re huachia e ya mwisho: prendrai, mettrai. Kosa litakalokusumbua zaidi ni kuchanganya je chanterai na je chanterais, ambazo wengi huzitamka sawa. Hilo umbo la pili, chanterais, ni hali ya masharti, na kiishio chake ni habere ileile katika wakati uliopita: habebam, avais. Mwambie mwanafunzi abadilishe je kuwa nous: akipata chanterons ni -ai, akipata chanterions ni -ais. Anayejifunza pia Kiitaliano asihamishe kanuni hii, kwani canterei na canterebbe zimejengwa kwa umbo jingine la habere, lile lililozaa ebbi na ebbe.