Mimi O, kaka yangu A: jibu kwa mama wa Ahero

Juzi mama mmoja wa Ahero aliniandikia. Bintiye ana ugonjwa wa selimundu, kundi lake la damu ni O. Kaka yake amepimwa na wamelingana, ila yeye ni A. Je, safari ya kupandikizwa seli shina, zile seli za uboho zinazozaa damu, imeishia hapo? Ujumbe ulinikuta kwenye matatu pale Kondele nikacheka peke yangu, konda akadhani namcheka yeye.

Haijaishia hapo, mama. Kinachotazamwa kwanza ni HLA, yaani alama zilizo juu ya seli ambazo kinga ya mwili hutambua nazo cha kwako na cha mgeni, na ambayo hurithiwa mbali na kundi la damu. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana nawe kabisa. Nami nilipandikizwa, na kwetu alilingana kaka yangu kitinda mimba, yule niliyembeba mgongoni. Mimi O, yeye A. Harambee, pasipoti, Delhi, dawa za kuua uboho wa zamani, hayo wengine wameshayasimulia.

Kufikia siku ya ishirini baada ya kupandikizwa chembe nyeupe zilikuwa zimepanda, chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikafuata. Mama akapiga vigelegele wodini. Chembe nyekundu, kimya. Mtu wa O huwa na kingamwili za kupinga A na B hata kama hajawahi kuongezwa damu. Dawa zilikuwa zimeua uboho wangu, lakini zile seli zinazotengeneza kingamwili ni sugu, ziliendelea na lindo kama askari ambaye hajaambiwa serikali imebadilika. Kila chembe nyekundu changa ya kaka ilipojitokeza na alama yake ya A, ilimalizwa humohumo kwenye uboho. Kwa miezi mitano nilikuwa nikiongezwa damu kila baada ya wiki mbili au tatu. Asubuhi niliuliza kipimo kimoja tu, cha retikulositi, yaani chembe nyekundu changa. Sifuri. Kesho, sifuri. Usiku mmoja nilimpigia kaka nikamwambia damu yake ni ya bure. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama nimekula. Sijamwomba msamaha mpaka leo, na najua anasoma hapa.

Mwezi wa sita chembe zikaanza kuchungulia, nikarudi Kisumu. Mwezi wa saba malaria ikanipiga, damu ikashuka. Hospitali niliyopelekwa (sitaitaja) walipima kundi langu wakakuta chembe nyingine zinagandana na nyingine hazigandani. Wakasema sampuli imechanganywa. Wakanitoa tena, na tena. Afisa mmoja akamuuliza mama yangu, mbele ya watu, ni kadi ya nani tumeleta. Hilo bado linaniuma. Sikuwa mwongo: nilikuwa na damu za aina mbili mwilini, O niliyoongezwa na A inayozaliwa. Daktari akaona kwenye faili kwamba kaka ni A, akaagiza A. Aliyeniokoa ni dada wa maabara, mdogo kuliko mimi, aliyechanganya utegili wangu, yaani maji ya damu, na ile damu ya A kwanza akaona inagandana. Kingamwili zilikuwa bado zipo! Akaenda kutafuta O.

Kwa hiyo ndugu zangu, bebeni barua. Barua kutoka kwa waliokupandikiza, iseme wazi: chembe nyekundu ni za O, chembe sahani na utegili ni za A au AB, kwa sababu utegili wa O wenyewe una kingamwili za kupinga A. Hiyo ni kwa mgonjwa wa O aliyepewa A. Wengine wana barua yao tofauti. Na mwambie mtu wa maabara kabla hajakudunga sindano, si baada. Usione haya. Sisi watu wa huku tunamwogopa koti jeupe kuliko ugonjwa wenyewe, tunaitikia "ndiyo daktari" hata tunapojua jibu si hilo. Sema. Toa barua. Akiipuuza, itoe tena. Na mtoaji wako usimlaumu, kosa si lake wala lako.

Mwezi jana nimepimwa: A, kingamwili dhidi ya A hakuna. Kaka anadai nimlipe kwa samaki wa Dunga kila Jumapili.

Mama wa Ahero, niandikie tena kabla hamjakata tiketi. Nitakutumia picha ya barua yangu, uone ilivyoandikwa.