Re: Tuzo tumpe chipukizi au malenga mkongwe?

Salaam ndugu yangu wa Kisauni. Umesema kamati yenu ina tuzo moja tu ya ushairi na mmekwama: binti wa miaka 19 ambaye mashairi yake matatu yametikisa mtaa, au mzee aliyetunga zaidi ya miaka 30.

Kwanza tazameni hati ya tuzo. Imesema "mchango" au "kipaji"? Sisi huku Likoni tuliliruka hilo. Tukampa barobaro mmoja tuzo kuu kwa beti zake za mwanzo, na kila alipotunga tena watu wakampima kwa ile tuzo. Mwaka wa pili akaweka kalamu chini. Inaniuma hadi leo, maana kipaji alikuwa nacho kweli.

Hata wakubwa yamewafika. Obama alipewa Nobel ya Amani 2009 hajatimiza mwaka madarakani. Abiy Ahmed, waziri mkuu wa Ethiopia, akapewa 2019, na Novemba 2020 vita vikazuka Tigray, kaskazini mwa nchi yake. Lakini Wangari Maathai alianzisha kazi ya kupanda miti 1977, akatuzwa Nobel hiyo 2004: miaka 27 ya kazi inayoonekana kwa macho.

Mimi ningempa mzee, tena upesi, angali anayasikia makofi. Binti mtafutieni cha kumkuza: gharama ya kuchapisha diwani yake, au mzee huyohuyo amnoe.

Ila hati ikisema kipaji, mpeni binti bila kusitasita. Na kama pesa ni za mfadhili, muulizeni alikusudia nini kabla hamjapiga kura. Hilo mimi siwezi kukujibia.